Lori la mafuta la kale: kununua lililokwisha kufufuliwa, kufufua ganda mwenyewe, au kuchukua la siku hizi

Anayeuliza habari za lori la mafuta la kale hapa Mombasa kwa kawaida huwa amekwisha kuliona moja. Ameliona limeegeshwa kwenye yadi ya Changamwe au Miritini, Bedford au Leyland lenye tangi la umbo la yai, limepigwa rangi upya na vifuniko vyake vya juu vinang'aa, na moyo umekwisha kuhamia huko. Siku hiyo hiyo mtu mwingine humwambia kwamba kuna ganda la lori kama hilo nyuma ya gereji moja Jomvu, linauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na fundi yuko tayari. Akirudi nyumbani, kaka yake humuuliza kwa nini asinunue Isuzu ya juzi afanye kazi inayolipa. Njia hizi tatu ndizo zinazolinganishwa hapa.

Mvuto wa malori haya hauhitaji kuelezwa sana kwa mtu wa mji huu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na bomba la kupeleka mafuta Nairobi, lenye urefu wa takriban kilomita 450, lilianza kutumika mwaka 1978. Katika miaka ya katikati mafuta ya bara yalipanda kwa reli na kwa magurudumu, na wapo wazee wanaokumbuka misururu ya matangi ikipita Mazeras na Mariakani kwa gia ndogo. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Lori la umri huo likisimama barabarani leo, watu wa Mombasa huliangalia kwa jicho ambalo hawaliangalii lori lingine la kale.

Vigezo, na kwa nini tangi linatangulia

Mtu anayenunua gari dogo huanza na injini. Anayenunua lori la mafuta aanze na tangi, kwa sababu injini iliyokufa hubadilishwa ndani ya wiki moja, ilhali tangi ndilo linaloamua lori litabeba nini, nani anaweza kulichomelea bila kujiua, na kama wakaguzi watalikubali. Baada ya tangi huja mitambo pamoja na upatikanaji wa spea, kisha karatasi za umiliki, kisha gharama za kuishi nalo katika hewa ya chumvi ya Pwani, na mwisho kazi ambayo lori linaweza kufanya kihalali. Vigezo hivi vitano vitatumika kwa njia zote tatu, ingawa havina uzito sawa kila mahali.

Kuhusu tangi, kuna mambo matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoka nyumbani.

La kwanza ni kwamba tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kujificha kwenye mishono, chini ya vigawanyo vya ndani na ndani ya magamba ya kutu, na unapofikia takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Kulisuuza kwa maji ya mpira hakuuondoi. Tangi husafishwa kwa mvuke wa maji ya moto, hupitishiwa hewa, kisha hupimwa kwa kifaa cha kupima gesi kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea. Zaidi ya hayo, kutu hula oksijeni, kwa hiyo mtu anayejitumbukiza ndani ya tangi lililofungwa kwa miaka anaweza kuanguka hata kama haoni harufu yoyote.

La pili ni kwamba kuoza huanzia chini na ndani. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, na kila tangi hukusanya maji kidogo ya unyevu ambayo hushuka hadi sakafuni na kukaa karibu na vali za chini. Kwa nje, sehemu inayooza mapema ni pale tangi linapokalia chasisi, hasa kama katikati yake kuna mbao au mpira unaoshika unyevu. Tangi la alumini lililokalia chuma moja kwa moja lina ugonjwa wake wa pekee, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

La tatu linahusu maji ya kunywa. Mji huu hutegemea maji ya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na kila mgao unapokatika malori ya maji hupata kazi, hivyo wazo la kuligeuza tangi la kale kuwa lori la maji humjia kila mnunuzi. Wazo hilo liachwe. Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Tangi lililofanya kazi kabla ya hapo huweza kuwa na risasi katika tope lake la chini, na hakuna sabuni itakayolifanya lifae kwa sufuria ya mtu. Hata kwa maji ya ujenzi kuna hesabu ya uzito: tangi la galoni 1,800 za Kiingereza huchukua karibu lita 8,180, ambazo zikiwa petroli ni takriban tani 6, na zikiwa maji ni zaidi ya tani 8. Chasisi iliyopimiwa petroli haikutengenezewa tani hizo mbili za ziada.

Lililokwisha kufufuliwa

Tangi. Faida ya lori lililofufuliwa ni kwamba mtu mwingine amekwisha kubeba hatari ya kuchomelea, na udhaifu wake ni kwamba kazi hiyo sasa imefichwa chini ya rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliwahi kuligonga tangi moja kwa kifundo cha kidole upande wa chini, likatoa sauti ya mlango wa mbao; puti, ile lipu ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, ilikuwa nene kuliko bati lenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibeba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: inaposhika kwa nguvu pana chuma, na inapoteleza pana puti, isipokuwa tangi liwe la alumini, ambalo sumaku haishiki kabisa. Muuzaji aliyefanya kazi ya kweli huwa na picha za kila hatua, pamoja na karatasi ya kupima gesi, na hukasirika kidogo usipomwomba azionyeshe. Asiyekuwa na picha hata moja ya kabla ya rangi amekupa jibu tayari.

Mitambo na spea. Malori ya Bedford yalikuwa yakitengenezwa Dunstable, Uingereza, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 1986, jambo ambalo humtisha mnunuzi kuliko inavyostahili. Nchini Pakistan Bedford bado zinafanya kazi kwa wingi na spea zake bado zinatengenezwa, na Mombasa haijawahi kuwa mbali na Karachi kwa mfanyabiashara anayejua kuagiza. Leyland Comet iliishi miaka mingi India kwa mkono wa Ashok Leyland. Mercedes-Benz L 1113 na injini yake ya OM 352 ilienea Afrika nzima, na fundi wa dizeli mwenye mvi aliyewahi kuifungua hapatikani kwa shida. Kinachosumbua zaidi ni vitu vidogo: mipira ya breki, vioo vya madirisha, taa za asili, na vali za tangi zenye nyuzi za skrubu za kizamani. Breki zijaribiwe kabla ya yote, kwa sababu wafufuaji wengi humaliza fedha kwenye kabini na kuziacha kama zilivyo. Lori lipelekwe kwenye mteremko wa kutoka Changamwe kuelekea Kibarani, likiwa tupu na asubuhi mapema, na dereva akanyage mara kadhaa mfululizo aone kama pedali inazama.

Karatasi. Hapa ndipo lori lililofufuliwa ndani ya nchi hulishinda hata zuri kuliko hilo lililotangazwa Marekani au Uingereza. Kwa utaratibu wa kawaida, gari lililotumika linaloingizwa Kenya halipaswi kuzidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia. Lori la mwaka 1965 lililopo ng'ambo, hata liwe bei ya baiskeli, si rahisi kulipata na namba ya Kenya. Lenye logibuku (hati ya umiliki) ya Kenya na namba ya zamani isiyo na herufi ya mwisho ni hazina, mradi namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa. Uhamisho hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na muuzaji awe ndiye mwenye jina. Kama jina ni la marehemu babake, subiri mirathi ikamilike, iwe katika Mahakama ya Kadhi kwa familia ya Kiislamu au katika mahakama za kawaida kwa wengine. Ahadi ya "tutamaliza polepole" isipokewe, kwa kuwa warithi ambao hawakuonekana wakati lori lilikuwa kutu huonekana likishapakwa rangi.

Gharama za baadaye. Kilichong'arishwa Pwani hakikai kimeng'aa. Lori linahitaji paa juu yake, kuoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi sehemu za chini, na grisi kila mwezi hata kama halitembei. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu bila tathmini ya mtaalamu. Matairi yachunguzwe kwa tarehe, kwani tairi lenye meno mazuri lakini lililochomwa na jua kwa miaka kumi ni la mapambo.

Kazi na linayemfaa. Lori hili ni la kuonyeshwa, kukodishwa kwa picha na sherehe, kutangaza biashara, au kupendwa tu. Kubeba petroli ya kuuza kwalo ni jambo la kulisahau, kwa sababu zitakazoelezwa kwenye njia ya tatu. Linamfaa mwenye hoteli ya Nyali au Diani, mwenye kituo cha mafuta anayetaka kitu cha kusimamisha wapita njia, au mkusanyaji ambaye fedha anazo na muda hana. Anayetaka kulipaka nembo ya Shell au Caltex kama zamani akumbuke kwamba nembo ina mwenyewe hadi leo, na ruhusa iombwe kabla ya kuitumia kibiashara.

Ganda la kufufua mwenyewe

Tangi. Uzuri wake ni ukweli, maana kutu ya ganda haijafichwa na mtu. Unaweza kuona ni bati lipi la kukata na lipi la kubakiza. Ubaya wake ni kwamba hatari yote ya mvuke ni yako, na gereji ya kawaida ya jua kali, ambayo mafundi wake ni hodari kwa bodi za matatu na lori za mchanga, haina kipimo cha gesi. Tafuta kwanza mtu wa kusafisha na kupima tangi, ndipo utafute fundi wa kuchomelea. Ukigeuza mpangilio huo umeweka roho ya kijana wa watu rehani. Fundi akikwambia kwamba atalijaza maji tu kisha achomelee sehemu ya juu, ujue kwamba njia hiyo ina asili yake, kwani maji hupunguza nafasi ya mvuke, ila mfuko wa hewa unaobaki chini ya kifuniko ndio huo huo unaolipuka.

Mitambo na spea. Yote yaliyosemwa juu ya spea yanahusika hapa, na pana nyongeza moja: usinunue ganda lisilo na vitu vyake vidogo. Injini ya kubadilisha ipo, lakini fremu ya kioo, mpini wa mlango, kibati cha mtengenezaji na mifuniko ya tangi visipokuwepo utavitafuta hadi uzee. Wenye busara hununua maganda mawili, moja la kuliwa na jingine.

Karatasi. Ganda la bei ya chuma chakavu mara nyingi halina logibuku, au linayo ya kampuni iliyofungwa zamani. Bila karatasi, kinachonunuliwa ni sanamu. Hakuna ubaya, ilimradi bei iwe ya sanamu.

Gharama za baadaye. Hesabu ya fundi ya mwanzo huwa ni ya kile anachokiona, na lori la kale huonyesha nusu yake baada ya kufunguliwa. Wanaomaliza kazi hii ni wale waliolipa kwa hatua, chasisi na breki zikitangulia, tangi likifuata, kabini na rangi zikija mwisho. Wanaoanza na kabini hupata picha nzuri za simu na lori lisilotembea.

Kazi na linayemfaa. Likikamilika linafanya kazi ile ile ya lililofufuliwa. Linamfaa mtu mwenye eneo la kuliweka, mwenye subira ya miaka, na hasa anayefurahia kazi yenyewe: baba na mwanawe, chuo cha ufundi kinachotafuta kitu cha kufundishia, au fundi mstaafu aliyewahi kuendesha moja.

Tangi la siku hizi

Tangi. Lori la Isuzu au Mitsubishi Fuso lenye tangi lililoundwa miaka ya karibuni lina vyumba vilivyopimwa kwa lita, vali za dharura za kufunga kutoka mbali, na vifuniko vinavyojua kupumua bila kumwaga mafuta lori likipinduka. Hayo hayawekwi kama pambo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Usalama wa tangi hupimwa siku linapolala ubavu.

Mitambo na spea. Hakuna la kueleza kwa kirefu. Spea zipo madukani, mafundi wapo kila kituo hadi Malaba, na breki za upepo zinasimamisha mzigo.

Karatasi. Ni nyingi zaidi, lakini njia yake imenyooka. Anayebeba mafuta ya kuuza anahitaji kibali cha EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli; dereva anahitaji cheti chake; tangi linahitaji kupimwa ujazo na idara ya mizani na vipimo; na gari lenyewe linahitaji ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pamoja na kidhibiti mwendo. Uzito nao unapimwa Mariakani, ambako lori la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18 pamoja na mzigo. Lori la kale linaweza kuwa ndani ya tani hizo na bado likazidi uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake cha kiwandani, na uwezo huo ndio wa kufuatwa.

Gharama za baadaye. Linakula mafuta, matairi na bima kama gari lolote la kazi, lakini linaingiza. Hasara yake hutulia katika sehemu moja: thamani yake hushuka kila mwaka, wakati lori la kale lililotunzwa huweza kubaki pale pale au kupanda.

Kazi na linayemfaa. Linamfaa mwenye mkataba mkononi. Asiye na mkataba asilinunue akitumaini kuupata. Anayetaka biashara ya maji anunue lori ambalo tangi lake halijawahi kubeba mafuta hata siku moja, na amtake muuzaji aandike hivyo kwa mkono wake.

Kwa hali ipi, lipi

Kama lori linatakiwa lianze kufanya kazi ya matangazo au sherehe ndani ya miezi michache, na bajeti ipo, lililokwisha kufufuliwa lenye picha za hatua na logibuku iliyo safi litakuokolea miaka. Kama picha zipo lakini karatasi zina kasoro, lichukuliwe tu kwa anayetaka kuliweka ndani ya ua wake.

Kama fedha ni za kupatikana kidogo kidogo na kazi ya mikono ni raha, ganda linafaa, kwa sharti kwamba gharama ya kusafisha na kupima tangi itengwe kabla ya kulipia ganda lenyewe. Ikishindikana kupata mtu wa kupima gesi, fufua chasisi na kabini kwanza na liache tangi chini, limefunguliwa vifuniko, mbali na moto na mbali na watoto.

Kama familia inategemea kipato cha lori hilo, chukua la siku hizi, na mapenzi ya Bedford yasubiri. Wapo waliofanya yote mawili kwa zamu, Isuzu ikimlipia Bedford mafundi wake, na hao sijawaona wakijuta.

Mwenye kituo cha mafuta anayetaka kitu cha kusimama langoni tu hahitaji injini wala logibuku. Ganda lenye tangi lililosafishwa na kupimwa litamtosha, liwekwe juu ya nguzo fupi za zege ili maji ya mvua yapite chini, na liachiwe tundu la hewa lenye wavu badala ya kuzibwa kabisa.

Na aliyekwisha kuahidiana na muuzaji kwa Jumamosi hii aende na sumaku, tochi, kitambaa cheupe cha kupangusia sakafu ya tangi kupitia mfunikoni bila kuingia ndani, na fundi asiyefahamiana na muuzaji. Amwombe muuzaji asiiwashe injini kabla yao kufika, kisha ashike bloku ya injini kwa kiganja mara tu anaposhuka garini. Ikiwa na joto, mtu ameihangaikia alfajiri ili ikubali kuwaka mbele ya mgeni.